Hatua za Baba

Katika shule ninayofundisha, mjini Ruangwa, mimi ndiye mtu wa kuulizwa mambo ya simu. Hakuna aliyenifundisha. Nina udadisi tu, na bando likinibakia mwisho wa wiki huwa napakua vitu na kuvijaribu kimoja kimoja. Mwalimu wa darasa la tatu nilimtafutia programu ya nyimbo za kanisani inayofanya kazi hata bila mtandao, maana kwao Nkowe mtandao unakuja na kuondoka. Mwalimu mwingine nilimwekea ile unayopiga picha jani la mhindi ikakwambia lina ugonjwa gani. Mlinzi alitaka drafti, nikampa drafti. Nilikuwa na msemo wangu kwamba simu isiyo na kitu ndani ni tochi ya bei ghali. Watu walicheka, nami nikapenda kuurudia.

Desemba ile shule ilipofungwa nilikwenda kwetu Mtua, upande wa Nachingwea, nikiwa na simu mpya mkononi na ya zamani kwenye mkoba. Ile ya zamani nilimpelekea baba.

Baba alikuwa ameshapita miaka sabini. Alikuwa mkulima wa korosho na ufuta, mtu wa maneno machache, na kijiji kizima hakuna aliyemfunga kwenye drafti. Mama yangu alishafariki, na baba alikuwa anaishi na mama mdogo, mke aliyemwoa baadaye. Mama mdogo ni Mmakonde wa Newala, na mpaka leo husema yeye pale ni mgeni. Ndugu zangu wote wako Dar es Salaam. Aliye karibu ni mimi, kama kuja likizo kwa likizo kunaweza kuitwa karibu. Nimerithi jina la mama yake baba, kwa hiyo tangu nizaliwe hajawahi kuniita kwa jina. Aliniita Mama.

Tulikaa barazani nikamwekea vitu vyake: Kurani yenye sauti, redio, drafti ya kucheza na simu yenyewe, na programu ya kuhesabu hatua, kwa sababu daktari alikuwa amemwambia atembee kidogo kila siku kwa ajili ya presha. Kila jioni hesabu ya hatua zake ingekuwa inanifikia mimi Ruangwa.

"Inahesabu kila hatua?" akauliza.

"Kila hatua, baba."

"Hata ya kwenda chooni?"

"Hata hiyo."

Akaitazama simu kwa muda, akaigeuza mgongo, akaigeuza tena. "Basi huyu ni shahidi," akasema, akaitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikumwambia. Ndani ya ile programu ya hatua mlikuwa na sehemu ya kuonyesha kwenye ramani mahali alipo mwenye simu. Niliiwasha. Nilijiambia ni kwa usalama wake, na kwamba nikimweleza atadhani namchunga kama mbuzi.

Januari yote ilikwenda vizuri. Jioni nilipokuwa napika, simu iliita mara moja, nikatazama, nikaona baba ametembea kwenda msikitini na shambani na kurudi. Nilimtumia ujumbe wa sauti wa kumpongeza. Naye alijibu kwa sauti, akianza kwa kukohoa na kumaliza kwa salamu kwa watoto wangu. Niliwaonyesha walimu wenzangu. Wawili wakataka niwawekee wazazi wao vivyo hivyo.

Februari hatua ziliongezeka. Ziliongezeka siku hadi siku, mpaka zikapita mara tatu ya zile za mwanzo. Mama mdogo akanipigia.

"Mwanangu, baba yako siku hizi anatembea sana."

"Daktari ndiye aliyemwambia, mama."

"Anarudi amechoka. Miguu imejaa majani ya upupu."

"Ndiyo mazoezi hayo," nikamwambia, nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza hali ya watoto.

Wiki hiyohiyo baba alilalamika kwamba simu inamwibia kete. Alisema akigeuza macho tu, kete mbili zinatoweka, halafu simu inadai imeshinda. Nilidhani anatania. Nilimwambia mtu aliyezoea kuwafunga wenzake lazima aone ajabu akifungwa na kidude. Kumbe alikuwa ananieleza, kwa njia aliyoiweza, kwamba kuna vitu vinampotea na hajui vinakwenda wapi.

Ndipo nikafungua ramani. Alama yake ya buluu ilitoka nyumbani asubuhi, ikapita msikitini bila kusimama, ikapita shambani kwetu, ikavuka korongo na kuingia sehemu ambayo kwenye ramani haina njia wala nyumba, ni kijani kitupu. Hapo ilikaa karibu saa tatu, kisha ikarudi. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu vilevile.

Nilimpigia jioni. "Baba, leo ulikuwa wapi?"

"Shambani."

Mama mdogo nilipomuuliza, alisema baba humwambia anakwenda msikitini.

Naona aibu kusema nilichofikiri, lakini nitasema. Nilifikiri ana mwanamke. Nilifikiri mzee wa watu, kwenye umri ule, amepata mtu kwenye vibanda vya shambani ng'ambo ya korongo, na ndiyo sababu anatudanganya sote wawili. Nikacheka peke yangu, kisha nikaamua kumtunzia siri. Sikumwambia mama mdogo nilichokiona. Kwa zaidi ya wiki mbili nilikuwa mtu pekee duniani aliyejua baba anakwenda wapi, na nilinyamaza kwa heshima.

Mvua zilikuwa zimeshika. Nyasi zilikuwa refu kuliko mtu. Habari za tembo zilianza kuja, kama zinavyokuja kila mahindi yakikaribia kukomaa: wameonekana upande huu, wamelala shamba la fulani. Mama mdogo alisema mtendaji wa kijiji alipita akitangaza watu wasiende mashamba ya mbali peke yao. Nilimtumia baba ujumbe wa sauti kumkumbusha. Sikupata jibu, lakini hesabu ya hatua ilikuja jioni kama kawaida, nikatulia. Kama hatua zinakuja, basi mwenye miguu yupo.

Jumatano moja alinipigia mwenyewe, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Sauti ilikuwa ya chini, kama mtu anayeongea jirani na mgonjwa aliyelala.

"Mama," akasema, "usiondoke hapo. Nakuja kesho kukuchukua."

Nilifurahi. Nilidhani anakuja Ruangwa, kwamba anatania kuhusu kunirudisha nyumbani. "Karibu sana, baba. Utakuja na gari la saa ngapi?"

"Nakuja kwa miguu. Wametuzuia kidogo huku, lakini kesho nakuja. Mlango usiufunge."

"Baba?"

Simu ikakatika. Nilisimama na mwiko mkononi. Nilipiga tena, haikupokelewa. Nilijiambia kwamba mtandao ulikuwa mbaya na sikusikia vizuri. Nikarudi jikoni. Lakini mwili wangu ulikuwa umekwisha kuelewa kitu, kwa sababu wali uliungua mbele ya macho yangu nami nikiutazama.

Kesho yake, saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, nilifungua ramani. Alama ilikuwa palepale penye kijani. Saa sita ilikuwa palepale. Niligusa ili kuona zaidi, na maandishi madogo yakasema kwamba ameonekana mara ya mwisho saa mbili zilizopita. Nilipiga. Ile sauti ya mwanamke ikasema namba ninayopiga haipatikani. Nikampigia mama mdogo, akasema baba aliondoka alfajiri na jembe, na kwamba alikuwa amevaa koti lake la sherehe.

Nilimwendea mwalimu mkuu kuomba ruhusa. Aliponiangalia usoni hakuuliza maswali mengi. Nikachukua bodaboda mpaka Nachingwea, na nyingine mpaka Mtua, nikiwa nimeishika simu kifuani njia nzima, nikiitazama kila baada ya muda. Saa mbili zilizopita zikawa tatu, tatu zikawa nne.

Nilifika jua limeshaanza kuinama. Uani nilimkuta mama mdogo na jirani yetu, mzee wa rika la baba, pamoja na wanaume wanne wenye mapanga na madebe ya kupiga kelele. Nikawaonyesha ramani. Wale wanaume waliinamia kioo na hawakuona kitu cha kukijua. Jirani alikitazama muda mrefu zaidi, akafuata korongo kwa ukucha wake.

"Ni lini ameanza kwenda huku?" akaniuliza.

"Wiki tatu, labda zaidi."

"Na wewe ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona."

Mama mdogo alinigeukia. Ningependa angenigombeza.

"Hapo ni mahame," jirani akasema. "Hapo ndipo tulipokuwa tunakaa zamani, kabla hatujahamishiwa huku kijijini."

Tulipokuwa tukienda, yeye mbele na mimi nyuma yake, alinieleza habari ambayo baba hakuwahi kunisimulia. Siku za kuhamia vijijini, serikali ilipowalazimisha watu wahame, bibi yangu, yule niliyerithi jina lake, alikuwa na mguu mbovu asiweze kutembea. Baba, kijana wakati huo, alitangulia na mizigo akamwahidi kwamba kesho atarudi kumchukua. Alipofika kijijini akazuiwa, akaambiwa vijana wote wakate nguzo kwanza. Alirudi siku ya tatu. Paa lilikuwa limekwisha kuondolewa, na mama yake alikuwa amekaa ndani ya kuta, akitazama mlangoni.

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Lakini hakulizungumza tena, na baba yako hakulizungumza."

Baada ya korongo hakukuwa na njia, ila mkondo mwembamba uliolazwa na miguu ya mtu mmoja aliyepita mara nyingi. Hizo ndizo hatua nilizokuwa nazipongeza. Mbele kidogo mkondo ulikatwa na mwingine, mpana, nyasi zimelala chini kama zimepigwa pasi, na kinyesi cha tembo bado kinatoa mvuke. Mwanaume mmoja akaanza kupiga debe. Jirani akamwambia aache, kwamba tukiwashtua tusijue wako upande gani, watatupitia juu.

Tukaenda kimya. Kimya kile sijawahi kukisikia tena. Hata ndege hawakulia. Upande wa kushoto kitu kilivunja tawi, si karibu, lakini si mbali pia, na sote tukasimama tukisubiri cha pili. Hakikuja.

Simu tuliikuta kwanza. Ilikuwa imelala kwenye nyasi, imezimika, ina unyevu. Niliiokota nikageuka huku na huku, maana nilichokuwa nakifuata tangu asubuhi kilikuwa ni hiki tu, na hapa hapakuwa na mtu.

Jirani akaita jina la baba, kisha akamwita kwa Kimwera, lugha yetu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Jibu likatoka karibu kabisa.

Alikuwa amefyeka kiwanja. Nguzo nane alikuwa amezisimika, zimenyooka, kwenye pembe na kwenye pande, na kati ya nguzo mbili zilizokaribiana ameacha nafasi ya mlango. Hapakuwa na kuta. Ndani palikuwa pamefagiliwa. Mafiga matatu yalikuwa mahali pake. Baba alikuwa amekaa chini kwa koti lake la sherehe, ameegemea mpini wa jembe, mikono imechubuka.

Mimi nilimkimbilia moja kwa moja kutoka ubavuni. Akainua mkono kunizuia.

"Pita mlangoni, Mama," akasema. "Usipite ukutani."

Nilirudi nyuma, nikazunguka, nikapita kati ya zile nguzo mbili. Na wale wanaume, na jirani, wote walizunguka wakapita mlangoni mmoja mmoja, wakiinamisha vichwa chini ya dari ambayo haikuwepo.

"Nimechelewa," baba akaniambia. "Walinizuia."

Jirani alinitazama akatikisa kichwa kidogo, nami nikaelewa nisibishane. "Umefika, baba," nikasema. Kisha nikajirekebisha. "Umefika, mwanangu. Twende."

Akakubali mara moja. Alitaka kunibeba. Tulipata kazi kumshawishi kwamba mguu wangu umepona, kwamba ninaweza kutembea. Tukarudi kwa mkondo uleule, yeye amenishika mkono kwa nguvu na kunigeukia kila hatua kadhaa kuona kama nafuata. Tulitoka kwenye nyasi jua likiwa bado linaonekana. Nyuma yetu tawi jingine lilivunjika, na safari hii lilifuatiwa na jingine na jingine.

Hospitali walitwambia ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kwamba ulikuwa umeanza zamani kabla ya siku tulizoanza kuuona. Daktari alisema hauna dawa ya kuurudisha nyuma, na mgonjwa asiachwe peke yake. Nilimleta Ruangwa akakaa kwangu wiki mbili. Alikuwa anasimama getini tangu asubuhi, ameshika nondo za geti, akiwauliza wapita njia kama barabara imefunguliwa. Nikamrudisha. Sasa mama mdogo amemleta dada yake kutoka Newala wasaidiane, nami nimeomba uhamisho wa kwenda shule ya upande wa Nachingwea. Sijajibiwa. Kila Jumamosi nakwenda.

Mama mdogo alinisamehe, nadhani. Siku moja tu, tukichambua mboga, aliniuliza bila kuinua macho kama kwenye ile ramani nilikuwa naona vizuri, au ilikuwa na ukungu. Nikamwambia nilikuwa naona vizuri.

Wiki iliyofuata baada ya tukio lile, watu walikwenda mahame kutazama. Tembo walikuwa wamepita. Nguzo zote nane zilikuwa zimelala, nyingine zimekanyagwa mpaka zimegeuka nyuzinyuzi. Jirani alinieleza hayo nje, kwa sauti ndogo, na tukakubaliana baba asiambiwe.

Lakini anauliza. Katika mambo mengi yaliyomtoka, hilo halijamtoka. Kila Jumamosi nikifika ananivuta pembeni na kuniuliza kama nyasi za kuezekea zimeshakatwa, maana mvua hizi si za mchezo na yule aliye ndani ataloa. Nami namjibu kwamba zinakatwa, baba, zinakatwa. Ananisikiliza kwa makini, kisha anatazama ng'ambo ya korongo, na kuniuliza zinakatwa na nani.