Mkono wa Nafula na Karatasi Nilizozificha

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, daktari aliposimama kando ya kitanda cha mdogo wangu Nafula, katika hospitali moja huko India, akaanza kutueleza mambo ya kuzingatia tukifika nyumbani. Alikuwa amemtoa uvimbe wa titi pamoja na tezi za kwapa la kulia, zile ndogo kama punje za maharagwe zinazochuja majimaji ya mwili. Aliongea Kiingereza cha haraka, nami niliitikia kwa kichwa kila alipotua.

Kuitikia kwa kichwa nilikuwa nimekuzoea. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la saba, na tulikuwa watoto wanne katika chumba kimoja mtaani Ziwani, Nairobi. Niliacha shule, nikafua nguo za watu ili wadogo zangu wasome. Mikutano ya wazazi nilienda mimi, nimejifunga leso ya mama nionekane mtu mzima. Mwalimu akisema nisichokielewa, naitikia. Nikirudi nyumbani naulizwa, "Dada, amesema nini?" Nami najibu, "Amesema usome kwa bidii." Ukishakuwa mzazi ukiwa bado mtoto, unaona aibu kuuliza.

Basi Nafula, bado amelegea kwa dawa, akaniuliza vilevile: "Dada, amesema nini?"

"Amesema uko sawa. Upumzike tu."

Muuguzi alinipa karatasi na kijitabu chenye picha ya mkono. Nafula alimaliza kidato cha nne, angeweza kuzisoma zote. Lakini jina la ugonjwa wake nililijua kwa macho, na niliona limerudiwa mara nyingi humo, nikaogopa atavunjika moyo. Tulipofika Ziwani nikazifungia katika sanduku la bati la baba, pamoja na vyeti vya vifo vya wazazi wetu. Nilidhani ninazitunza.

Nafula alikuwa msusi. Kibanda chake kilikuwa karibu na Soko la Burma, na wateja hawakumpa nafasi ya kuugua. Baada ya wiki chache nyumbani, alirudi.

"Nafu, ulienda India ama ulitutoroka?" Mama Brayo, mteja wake wa miaka mingi, akamwambia. "Ona kichwa changu, kama shamba limelimwa na mbuzi!"

"Keti, wacha kelele. Hicho kichwa hata India wangekirudisha."

Kibanda kizima kilicheka. Mimi pia nilicheka, nimesimama mlangoni na chupa ya chai niliyomletea. Alisuka kutwa nzima mikono ikiwa juu. Jioni, sindano iliyopinda ya kushonea nywele za bandia ikamchoma kidole cha mkono wa kulia. Msusi huchomwa kila mara; alikinyonya kidole, akaendelea.

Kesho yake mkono ulikuwa umevimba hadi begani, ngozi imekaza na ina moto, na mwili unatetemeka kwa homa. Kwenye zahanati muuguzi aliuliza, "Karatasi za upasuaji ziko wapi?" Nilikimbia nyumbani kuzichukua. Niliporudi Nafula alizipokea kwa mkono wa kushoto, akazisoma pale kwenye benchi, ukurasa baada ya ukurasa.

"Dada, imeandikwa hapa. Niurudishe mkono kazini polepole, nijikinge na kuchomwa. Kuna na mazoezi. Na hii barua ilikuwa ya daktari wa hapa Nairobi, anianzishie dawa za baada ya upasuaji." Akanitazama. "Wewe uliniambia nipumzike tu."

"Sikuelewa alichosema," nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kulitamka neno hilo mbele ya wadogo zangu.

"Ungenipa mimi nisome. Si ndiyo maana ulinisomesha?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angenipigia kelele.

Homa ilishuka, na dawa hizo zikaanza kwa kuchelewa. Nafula yuko hai, namshukuru Mungu. Lakini mkono haukurudi ulivyokuwa. Daktari wa hapa aliniambia mikono mingine huvimba hata ikitunzwa vizuri. Pengine ni kweli, pengine alinihurumia. Sitajua kamwe.

Tukiwa wasichana, Nafula alijifunzia kusuka kichwani mwangu. Jumapili moja alitaka kujaribu tena, nikaketi sakafuni kati ya magoti yake. Mistari mitatu tu, mkono ukakataa. Nilifunga kitambaa, nikaenda kanisani na kichwa kilichosukwa nusu. Wiki iliyofuata alimwachia msusi mwingine kibanda.

Kwa hiyo wewe, mwanangu, unayemsindikiza mgonjwa wako ng'ambo, usiitikie jambo ambalo hujalielewa. Kabla ya upasuaji, uliza kwa nini tezi ziondolewe, na kama wanaweza kupima chache kwanza kabla ya kutoa zote. Akiwekewa mpira wa kutoa majimaji ya kidonda, uliza utatolewa lini na nani. Usipande ndege kabla daktari hajakubali, wala kabla ya kujua majibu ya maabara yatamfikia nani. Mtafute mapema daktari wa nyumbani atakayeendelea naye. Akienda kupimwa presha au kutolewa damu, aseme kwanza ni upande upi uliotolewa tezi, ili watumie mkono wa pili. Mkono unaweza kuvimba hata baada ya miaka, kwa hiyo ukianza kuwa mzito, au pete ikianza kubana, aende akaonwe. Mkono ukiwa na moto, naye ana homa, ni hospitali siku hiyohiyo.

Na karatasi mpe mwenyewe azisome. Mwili ni wake.

Mungu akuondolee aibu iliyonifunga mdomo mimi. Akurudishe salama na mtu wako, na mikono yake ipate tena nguvu ya kazi anayoipenda.