Nilipunga mkono badala ya kuonyesha shimo, mzee wa klabu akaacha pikipiki

Wakuu, heshima zenu.

Haya yametokea kweli, na anayeonekana vibaya humu ni mimi mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Pikipiki nazipenda tangu niko darasa la tatu, Mbagala. Jirani yetu Mzee Shomari, fundi cherehani, alikuwa na pikipiki nyekundu ya zamani. Jioni akirudi kazini ananipakia, tunazunguka uwanja wa mpira mara moja, basi siku hiyo nalala na furaha. Nilipokua akanifundisha kuendesha. Nilipopata kazi na kununua ya kwangu, akanipeleka kwenye klabu yao.

Tuko kama ishirini. Jumapili asubuhi tunakutana Mbezi Beach, tumevaa vizibao vyenye nembo ya klabu, halafu tunaenda ride.

Kwa wasiojua, kwenye msafara kuna ishara. Wa mbele akiona shimo kushoto, anashusha mkono wa kushoto na kulionyesha. Wa nyuma yake anarudia, na anayefuata naye anarudia, mpaka wa mwisho. Aliye nyuma haoni barabara vizuri, anaona mgongo wako. Ukikata ishara umemfumba macho.

Sasa Jumapili hiyo tulikuwa tunashuka Barabara ya Kilwa. Mie wa tano, Mzee Shomari nyuma yangu.

Tulipofika Mbagala, bodaboda wa kijiwe cha mtaani kwetu wakaniona na kizibao kipya, wakaanza kunishangilia. Nikavimba. Nikainua mkono wa kushoto kuwapungia.

Aliye mbele yangu alishaonyesha shimo, upande huo huo wa kushoto. Nililiona wakuu, sitaki kudanganya tena. Nikalikwepa, mkono bado uko juu.

Nyuma nikasikia chuma kinaburuzwa kwenye lami.

Mzee alivunjika mfupa wa bega. Amekaa pembeni ya barabara anaushikilia mkono wake, kiongozi wa msafara akanigeukia. "Ishara ulipitisha?"

"Nilipitisha, braza."

Jibu lilitoka kabla sijafikiri. Mzee Shomari akanitazama kidogo, kisha akainamisha kichwa. "Basi mie ndio sikuiona. Umri umeenda, macho haya."

Nilitakiwa niseme palepale. Sikusema.

Kwenye kikao kilichofuata alikuja na mkono umefungwa. Akasimama, akavua kizibao kwa mkono mmoja, akakiweka mezani. Alisema safari hii ameanguka peke yake, safari nyingine anaweza kumwangusha mtu, kwa hiyo anaacha. Watu wakampigia makofi kwa uungwana wake.

Na mimi nilipiga makofi. Hilo ndilo linaloniamsha nikiwa nimelala.

Wiki zikapita. Nikawa sipiti kwao, nazunguka njia ya nyuma nisiione ile pikipiki imefunikwa turubai. Mtu aliyenilea kwenye hiki kitu, nimemkimbia mtaani kama nimeiba.

Siku moja mama akanituma nipeleke gauni lake likapunguzwe kwa Mzee. Sikuwa na pa kukwepea. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri tu. Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa amekaa pembeni ya cherehani anamtungia uzi kwenye sindano.

Huyu mzee alikuwaga anatunga uzi huku anapiga stori, haangalii hata sindano.

"Siku hizi ananitungia mwenzangu," akasema. "Hospitali wameniambia macho mazima, lakini sijiamini tena. Hata kukata kitambaa cha mtu naogopa."

Hapo nilishindwa. Nikakaa chini kwenye mkeka nikamwambia yote. "Mzee, ishara sikupitisha. Nilikuwa nawapungia washkaji."

Bi Zuhura akaacha kutunga. Mzee akainua uso kunitazama.

"Kwa hiyo mkono ulikuwa juu," akasema.

"Ulikuwa juu, Mzee."

"Mie niliuona uko juu. Ulipojibu kwamba umepitisha, nikasema basi macho ndiyo yananidanganya, maana wewe mwanangu huwezi."

Hakunitukana. Alimwomba mkewe ile sindano, akatunga mwenyewe, akaendelea kushona. Nililia pale mbele yao, mtu mzima na ndevu zangu.

Jumapili iliyofuata nikasimama kwenye klabu nikasema ukweli. Nimesimamishwa miezi sita, na kizibao changu kipo kwa katibu. Cha Mzee walimpelekea nyumbani. Bega limeshapona na ameanza kuendesha taratibu mtaani.

Nasikia kwenye klabu ameomba jambo moja tu. Nikirudi, asipangwe nyuma yangu.

Nilichojifunza ni kwamba kuanguka kwake kulikuwa uzembe wangu wa dakika moja, lakini kule kuyatilia shaka macho yake mwenyewe nilimfanyia kila siku niliyokaa kimya. Kama kuna mtu anabeba kosa lako sasa hivi, mfuate kabla hajaliamini.

Waliowahi kupitia kitu cha namna hii waseme walifanyaje mpaka wakaaminika tena. Na mwenye kunisema aniseme, nitasoma zote.