Turubai la Mama Furaha

Naona haya hata kuanza, lakini Mweso nzima inaijua habari hii na kila mtu anaisimulia kwa namna yake, basi heri mnisikie mimi mwenyewe niliyeharibu mambo.

Nilikuwa nimetoka Goma kwenye mafunzo ya sanaa, na huko tulifundishwa sanaa isiyo na jukwaa wala ngoma: unaweka viti viwili kando ya barabara, unakaa kimoja, cha pili unamwachia mpita njia yeyote, akikaa mnaongea, na hayo mazungumzo ndiyo sanaa yenyewe (msiniulize, hata mimi sikuielewa vizuri, lakini cheti nilipewa). Sharti lilikuwa moja: msanii anakaa kimya, ameinamisha kichwa, mpaka mgeni aanze kusema.

Asubuhi ile nilipaswa kwenda hospitali kumchukua bibi yangu, tunayemwita Koko, maana alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani. Nikajiambia nitakaa saa moja tu, kisha niende. Nikatoa viti mbele ya nyumba, nikaandika kwenye kartoni "Karibu, ukae na mimi", na mvua ilipoanza kunyunyiza nikakimbilia kwa jirani, Mama Furaha, mkubwa wa akina mama wa kanisa, sikumkuta, nikajichukulia turubai la buluu lililokuwa barazani kwake. Sasa, turubai lile mtaani kwetu halitoki kwa arusi wala kwa mkutano. Linatoka mtu akifa. Nililijua hilo tangu utoto, lakini siku ile kichwa kilikuwa kimejaa sanaa.

Wa kwanza alikuwa papa mmoja, baba wa makamo, anayetoka shambani na jembe begani. Alitazama turubai, akavua kofia, akakaa, akanishika mkono bila neno. Nikafurahi sana. Akaja wa pili, wa tatu, wakaleta viti vyao wenyewe, mama mmoja akashusha mzigo wa kuni, mwingine akaja na sufuria ya maharagwe akawasha moto, na mimi nimeinama tu, nikishangaa mbona kule Goma hawakutuambia kwamba watu watapika.

Ndipo yule papa wa jembe akasema: "Pole sana. Koko yako njo alinionyesha kupanda viazi. Alikuwa mutu muzuri sana."

Alikuwa? Nikainua kichwa.

"Koko?"

"Njo vile, mutoto yangu. Tukaze roho tu."

Nikachanganyikiwa kabisa. Nikawaza: basi amefia hospitalini, mtaa mzima umepata habari, ni mimi tu sijui, kwa sababu nilikaa hapa kucheza na viti. Nililia, jamani. Nililia kwa sauti mpaka akina mama wakaitikia, Mama Furaha akaja mbio anajifunga kitenge, naye hakuuliza kitu (angeuliza nini, na turubai lake si hilo hapo?). Na katika kulia huko nikampigia simu shangazi yangu wa Kitshanga, binti pekee wa Koko. Walikuwa hawajaonana miaka mitatu kwa ugomvi wa shamba. Koko alikuwa akisema hamtaki, lakini kule hospitali kila pikipiki ikisimama nje aligeuza shingo.

"Shangazi," nikamwambia, "Koko ametuacha."

Mchana, wimbo wa kanisa ukiwa katikati, ukakatika. Koko alikuwa amesimama barabarani, fimbo mkono huu, kikapu mkono ule, miguu yote matope.

"Nimekungojea tangu asubuyi," akaniambia. "Nani amekufa?"

Mama mmoja alikimbia akaacha kiatu. Waliobaki walinitazama mimi, mimi nikamtazama yule papa.

"Miye niliona tu turubai," papa akasema.

Koko akakaa kwenye kile kiti cha mgeni, akaomba sahani ya maharagwe, na alikuwa bado anakula pikipiki iliposimama. Shangazi alishuka analia, akajitupa matopeni bila kutazama watu: "Mama, unisamehe! Mama, unisamehe!" Koko akamwangalia, kijiko mkononi.

"Kumbe njia uliijua," akasema.

Shangazi akainua uso, akabaki hapo hapo chini, mdomo wazi, anamtazama mama yake anavyotafuna. Nilitaka ardhi inimeze. Koko akanigusa mbavu na fimbo. "Wewe, toka kwa hiyo kiti. Acha akae."

Wakaongea wawili kwa muda mrefu, mvua inapiga turubai, na mimi msanii sikukaribishwa.

Nimeapa: turubai la watu sitaligusa tena, kiti cha ziada sitakitoa nje, na kabla ya kulia nitauliza nani amekufa. Koko alinisamehe siku ile ile (alilalamikia chumvi tu). Shangazi sasa anakuja kila Jumapili baada ya misa, lakini mimi bado hajaniamini. Nikimpigia simu, hata ya salamu tu, hanipi nafasi ya kutaja jina la mtu.

"Umemuona na macho yako?" ananiuliza.