Mmarekani wa Duka la Chumvi

Watu wakiniuliza nani alinifundisha kusimama na kusema mbele za watu, wanatazamia nimtaje mwalimu fulani au masista wa misioni. Mimi namtaja Mmarekani mmoja, mwanamuziki mkongwe wa rap, ambaye hajui kama mji wetu wa Kamina upo duniani. Wengine hucheka. Wacheke tu, siku ile mlangoni kwa wakwe zetu hakuna aliyecheka.

Tulikuwa na duka la chumvi na vitenge karibu na soko. Baba alizaliwa Kasongo, akafika Kamina mgongoni mwa mama yake. Alikuwa Mwislamu wa kuamka alfajiri, na maneno yake yalikuwa machache kuliko bidhaa zake. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na maneno yote ambayo baba aliyaacha niliyaokota mimi. Binamu yangu alirudi kutoka Lubumbashi na kaseti moja ya huyo Mmarekani, pamoja na gazeti la vijana la Kifaransa lenye kurasa nne juu ya maisha yake na tafsiri ya nyimbo tatu. Kaseti niliipiga mpaka utepe ukaanza kulia kama mbuzi. Gazeti nililihifadhi neno kwa neno, kama mtoto wa chuo anavyohifadhi Juzu Amma.

Mmarekani alilelewa na bibi yake, mshonaji, katika jumba la ghorofa nyingi ambalo lifti yake haikuwahi kufanya kazi. Alianza kwenye sherehe za mtaani, umeme ukivutwa kutoka nguzo ya taa ya barabarani. Alitoa sahani yake ya kwanza ya santuri wakati watu wengi hawajui hata rap ni kitu gani. Kisha rafiki aliyekuwa akiimba naye akafa, kampuni ikamtupa, na vijana wapya wakamwita mzee kabla hajaota mvi. Akaendesha gari la kusambaza mikate miaka mingi. Halafu akarudi, na kaseti yangu ndiyo ilikuwa ya kurudi kwake. Humo hakuomba huruma ya mtu. Alitaja barabara yao, ngazi za jumba lao, cherehani ya bibi, rafiki aliyekufa, mikate, ndipo akaanza kujigamba, na alijigamba kweli. Nilimpenda kwa jeuri ile. Leo nimepita umri aliokuwa nao wakati ule, na juzi nilimwona kwenye simu ya mwanangu, mvi kichwa kizima, uwanja umejaa watu, bado anataja barabara ile ile.

Jirani yetu sokoni alikuwa mama mmoja Mluba, Mkatoliki, muuza unga wa muhogo, ule wa bukari, ugali wetu. Siku ya kwanza kumsikia Mmarekani, kopo lake la kupimia unga lilibaki hewani.

"Nani alikufa?" akauliza.

"Hapana, mama. Huyu anaimba tu."

"Haimbe. Sikia vile anapanga: fasi yabo, nkambo yake, rafiki yake mwenye kufa. Ile njo kasala."

Nilikuwa nimemsomea maneno kutoka gazetini, ndiyo maana alijua habari za fasi, yaani mahali, na za nkambo, yaani bibi au babu. Kasala, kwa asiyeijua, ni maneno ya sifa ambayo Waluba humwitia mtu ukoo wake, kwenye msiba au kwenye furaha, na mwenye kuitwa humpa mwitaji zawadi, kama kuku. Mama alisikiliza upande mzima wa kaseti, kisha akataka kujua nani alimpa huyo bwana kuku. Nilipomweleza kwamba hakuna aliyemwita, anajiita mwenyewe, alisikitika kabisa.

"Masikini! Muntu wa kujiita kasala ye mwenyewe, njo kusema bandugu yake beko mbali."

Tangu hapo kila asubuhi aliniuliza habari za Mmarekani, kama anayeulizia hali ya mgonjwa. Nilimtania sana, lakini neno lake lilinikaa moyoni.

Ndipo ikaja vita ya pili ya waasi, mwaka mmoja tu baada ya ile ya kwanza. Nchi ikachanwa katikati: Kamina ikabaki upande wa serikali, Maniema, jimbo la Kasongo, ikawa upande wa waasi. Treni ya Kindu ikakoma. Watu wa Kabongo wakaanza kuingia mjini na magodoro vichwani. Na sisi, ambao jana tulikuwa wauza chumvi tu, tukawa watu wa upande ule. Wateja wa miaka mingi walinunua haraka haraka wakaondoka. Askari walipita dukani kuuliza vitambulisho, na cha baba kiliandikwa Kasongo.

Kaka yangu alichagua msimu huo huo kutaka kuoa. Mapenzi hayana macho, wanasema. Ya kaka hayakuwa na masikio pia, maana hakusikia habari za vita. Msichana alikuwa wa familia ya Kiluba, Wakatoliki, wakulima wa Kamina tangu zamani. Baba yake alikuwa marehemu, kwa hiyo mwenye neno alikuwa baba mdogo wake, mzee mmoja mkavu, mnyoofu, asiyejua kuzungusha maneno. Alikuja dukani akasema mbele yetu sote:

"Minyi sina mubaya na huyu kijana. Lakini askari bakiniuliza mutoto wetu eko kwa banani, nitajibu nini? Mukuye samedi. Tata mwanamuke yake atauliza pa mulango, sawa desturi yetu. Mukijibu muzuri, mutaingia. Mukishindwa, mutarudia na doti yenu."

Samedi ni Jumamosi, doti ni mahari, na tata mwanamuke ni shangazi. Katika familia yao, wakwe wapya wakija na mahari, shangazi huweka mchi wa kutwangia kwenye kizingiti, huita ukoo wake, kisha huwauliza wageni ni nani. Mpaka wajibu kwa maneno ya ukoo wao, mchi hauondoki. Waluba kwa Waluba ni mchezo mzuri. Kwetu ulikuwa ukuta. Msemaji wa familia yetu, kaka mkubwa wa baba, alikuwa Kasongo, ng'ambo ya vita. Bwana arusi haruhusiwi kujisemea. Akabaki baba.

Ijumaa baada ya sala baba alijaribu pale sebuleni. Fulani bin fulani bin fulani. Jina, jina, jina, kama mwalimu anayeita wanafunzi asubuhi. Baada ya jina la nne alirudi akaanza upya. Kaka alishika kichwa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikikunja vitenge vya mahari, na hasira ikanipanda, si kwa baba, bali kwa vita iliyomfanya mtu wa heshima aonekane mdogo ndani ya nyumba yake. Nikafungua mdomo palepale nyuma ya pazia, nikaanza kama Mmarekani anavyoanza: mahali kwanza, watu baadaye, kisha shida, kisha jeuri.

Nilipomaliza, baba akavuta pazia.

"Nani alikufundisha?"

"Mmarekani."

"Mmarekani anaijua Kasongo?"

"Hapana, baba. Anajua kwao."

Nilijiandaa kwa kofi. Akasema binti hasemi mbele ya wakwe, jambo hilo halijawahi kutokea katika ukoo wetu. Nikamjibu kwamba kaka yangu mkubwa kukosa mke kwa sababu ya chumba kizima kukosa maneno, hilo nalo halijawahi kutokea. Akasema ulimi wangu utakuja kutuzika sote. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, "Kesho vaa viatu vizuri."

Tulifika saa nane mchana, tukiwa na vitenge, gunia la chumvi na mbuzi mmoja asiyetaka kutembea. Uani palijaa watu. Baba mdogo wa msichana alikaa kwenye kiti kando ya mlango, mikono juu ya magoti. Shangazi alikuwa mwanamke mrefu, na sauti yake ilitosha kuwafikia watu wa barabara ya pili. Aliweka mchi, akaita ukoo wake kwa Kiluba, mtu baada ya mtu, mto baada ya mto, na watu wote uani wakamwitikia. Kilikuwa kitu kizuri, na nilikichukia, kwa sababu zamu iliyofuata ilikuwa yangu.

"Na benye muko inje," akasema, "muko banani?"

Baba akanigusa bega. Nikasogea mbele. Nyuma yangu wanaume wakaanza kunong'ona, mmoja akasema wazi, "Mwanamuke?"

Shangazi akamgeukia. "Na minyi niko nini?"

Nami nikaanza.

"Munauliza tuko banani. Mutusikilize. Nkambo yetu alitoka Kasongo na miguu, chumvi pa kichwa, muke yake nyuma, mutoto pa mugongo. Alibisha Kabongo, balimufungulia. Alibisha Bukama, balimupa samaki. Alifika Kamina, reli ingali ya mupya, akasema: hapa njo nitaweka muzigo. Mwenye alikula bukari na chumvi mu hii muji, alikula na mukono yetu!"

Watu wakapiga makofi, na makofi yale ndiyo yaliyonimaliza. Nilimtazama baba mdogo, nikaona uso wake haujasogea hata kidogo, na mstari uliokuwa ufuate ukatoweka kichwani. Kwenye kaseti kuna mahali Mmarekani anajikwaa hivyo hivyo, mbele ya umati. Haombi radhi. Anarudia mstari wa mwisho kwa nguvu zaidi mpaka unaofuata umjie. Nikarudia: "Alikula na mukono yetu!" Nikarudia tena. Mara ya tatu watu wa uani wakasema pamoja nami, wakidhani ndivyo nilivyopanga, na nikahisi nguvu ikipanda kutoka miguuni.

Kilichonijia hakikuwa mstari wa Ijumaa. Kilikuwa kipya.

"Nkambo yetu hakurudia Kasongo. Eko mu udongo ya Kamina, karibu na reli. Mupita-njia hazikake baba yake mu njia!"

Nilimaanisha mpita njia hamziki baba yake njiani; anapomzika ndipo kwake. Shangazi akapiga kigelegele kirefu, akainama, akauondoa mchi. Akafungua kitenge chake cha juu, akanifunga kiunoni, kwa kuwa mwenye kuita vizuri hupewa. Mama wa unga, aliyekuwa amekuja kuangalia tu, akawatangazia watu kwamba mimi na Mmarekani sote ni wanafunzi wake. Kaka alikuwa anacheka na kulia pamoja, hana hata adabu ya kuchagua kimoja.

Tukaingia, tukala, mahari ikapokewa. Lakini baba mdogo hakusema neno. Alikula polepole, akimtazama baba, na furaha yangu ikawa inapungua tonge kwa tonge. Mlango ulikuwa wa shangazi; jibu kwa askari lilikuwa la mzee yule, na bila jibu lake wifi yangu angeolewa katika nyumba ya watuhumiwa.

Saa kumi tukaaga. Mzee akainuka kutusindikiza, kama desturi inavyotaka. Kwenye kivuko cha reli palikuwa na askari. Mmoja akachukua kitambulisho cha baba, akakisoma, akamwita mwenzake.

"Kasongo? Kule kwa baasi?"

Baba akanitazama. Nikavuta pumzi nianze mimi. Mzee akaninyamazisha kwa mkono, akasogea mpaka akasimama kati ya askari na baba.

"Wache ile karte. Uliza minyi. Nkambo yabo alitoka na miguu. Alibisha Bukama, balimufungulia. Alibisha Kabongo, balimupa samaki. Bukari yote mu hii muji, chumvi ni yabo. Baba ya huyu muntu eko mu udongo yetu, karibu na hii reli. Mupita-njia hazikake baba yake mu njia. Haba ni bantu ba kwetu."

Alikuwa amewapa watu wa Kabongo samaki wa Bukama, lakini aliyasema kwa sauti kubwa, bila kusitasita, kama mtu anayetaja babu zake mwenyewe. Askari alimtazama, akamtazama baba, akarudisha kitambulisho na kutufungulia njia. Baba alikipokea kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimeanza kulia palepale juu ya reli, kwa sauti, kwa furaha tupu, na sikuona haya hata kidogo.