Sauti ya Papa Imefungwa mu Compte ya Yaya Yangu

Admin, fichaka jina yangu, na sura ya mutoto wangu usiionyeshe, juu huku Butembo batu wanajuana mbio sana. Miye ni mama wa miaka makumi ine na mbili, muzaliwa wa Vuhovi, niliolewa hapa muji, nauzishaka bitenge ku soko. Kilio yangu iko mu telefone. Mwenye anataka kucheka acheke kwanza, kisha asome.

Sisi Banande jina inafuataka namna mutoto anazaliwa. Kijana wa pili ni Kambale, na kila nyumba iko na Kambale wake. Donc ukisema tu "Kambale wa Vuhovi", haujasema kitu. Njo maana mbele mbuzi za mali ya ndoa zikuye, lazima mukubwa mumoja ajue Kambale gani alizaa nani, batoto ya damu moja wasioane. Kwetu mukubwa ule alikuwa Papa. Batu walikuwa wanatoka hata Beni kuya kumuuliza. Alikuwa anafunga macho, anahesabu babu zake ku vidole, kisha anasema, "Waoane," ao, "Hapana, hawa ni bandugu, murudishe mbuzi." Na mutu hakubisha.

Wakati alianza kugonjwa, nilikuwa nakaa naye kila siku ya Yenga kisha misa, namuuliza, yeye anasema. Cahier? Cahier yetu ya kwanza, daftari ya majina, ilibaki Vuhovi siku tulikimbia vita, tulirudi tukakuta majivu. Njo nikatafuta application ya kuandikia. Moja ilikuwa ya bure, mais inaweka maneno mu telefone tu, na ku soko wanaiba telefone kila siku. Ingine ilikuwa inachunga maneno mbali, inje ya telefone, na sauti pia, mais kisha miezi ya kwanza unalipa. Nikamuuliza yaya yangu, kijana wa kwanza wa Papa, anafanya kazi ya bureau kule Beni.

"Yaya, na siku tukikosa ya kulipa? Maneno yetu tutaitoa namna gani?"

Akacheka. "Masika, weye na woga yako! Miye niko na carte ya banque. Tuweke compte ya application ku jina yangu, miye nitalipa." (Jina Masika muiache hapo, haiko kitu. Kila nyumba iko na Masika.)

Roho ilikataa. Mais ni yaya, na miye sina carte, nikakubali.

Papa alisema mvua yote ya mwaka ule. Yote iko mule: kukohoa kwake, kucheka kwake, hata kuku wa mama wanalia. Yenga moja alisema juu ya ndugu ya babu yake, Kambale mumoja, mwenye alienda kulima Alimbongo akabaki kule. "Huyu mumuangalie muzuri," akasema, na akaanza kutaja batoto yake. Sikushika majina yao. Nilijiambia telefone inashika. Bandugu, hiyo njo inanikula mpaka leo.

Papa alikufa. Yaya akaacha kulipa. Sasa nikifungua application inaniambia abonnement, malipo ya kila mwezi, imeisha. Naona vichwa vya habari tu, kimoja kimeandikwa "Papa, Alimbongo". Nikigusa, inaniambia mwenye compte alipe. Mwenye compte haiko miye.

Na sasa mutoto wangu wa kwanza amepata muchumba, kijana wa adabu, mwalimu. Kwao ni Alimbongo. Babu wa baba yake anaitwa Kambale.

Nikamupigia yaya. "Nitakutumia pesa yote," nikamwambia. "Lipa mwezi moja tu, tusikilize Papa."

"Kwa kusikiliza muzee anakohoa? Waoane tu. Miye nimeshasema."

"Yaya, ulisikiliza sauti ile?"

Akasema: "Sina wakati ya masaa yote ile. Papa hayuko tena, mukubwa sasa ni miye, batu wanaulizaka miye. Weye ulishaolewa. Unataka wakuye kuuliza mwanamuke?"

Mungu wangu! Papa alihesabu mpaka pumuzi ikamuishia, na huyu anasema "waoane" bila kufungua sikio. Mbuzi yenye mujomba anapataka ku mali ya ndoa anaitaka, ile njo ukweli, na anaogopa batu wajue hajui kitu. Nikamwomba basi anipe code ya kufungulia compte. Akakata telefone. Kisha akaandika ku groupe ya jamaa kwamba dada yake anaonea mutoto wake wivu.

Jana mutoto alinikuta jikoni nachambua sombe, majani ya muhogo. Akaniuliza polepole, "Mama, ule kijana nimuangalie namna gani? Kama muchumba wangu, ao kama ndugu yangu?" Nilichambua majani yenye nilikuwa nimeshachambua.

Bakwe, jamaa ya kijana, wanakuya na mbuzi siku ya Posho hii, kesho yake ni Yenga. Nikisema hapana, sina ushuhuda, na kama si bandugu nitakuwa nimeua ndoa ya mutoto wangu bure. Nikinyamaza, na kama ni bandugu, Papa atanilaani kule ndani ya kaburi. Wazee wengine wenye walijua hesabu ile, hata kule Alimbongo, wamekufa ao wametawanyika.

Na wenye mutaniandikia "Mama, kuna application nzuri ya bure," aksanti, nitachagua kisha, na safari hii compte itakuwa ku jina yangu. Mais Papa hatarudia kusema.

Nishaurini, bandugu. Nizuie mbuzi, niende kupiga magoti mbele ya yaya, ao ninyamaze? Jibu ya Papa niko nayo mu mukono wangu. Kichwa yake naisoma, ndani siwezi kuingia.