Mabati Yaliyokuwa Njiani

Redio ilipotangaza kwamba upepo mkali na mvua kubwa vingefika pande zetu kabla ya wiki kuisha, mimi na mama mkwe wangu tulianza kujiandaa kwa vile tulivyokuwa navyo. Mume wangu alikuwa kwenye kazi ya mjengo Kisumu na hakuwa amelipwa, kwa hivyo hatukufikiria kununua kitu. Nilivua nailoni iliyofunika godoro, nikaishona mara mbili kwa cherehani yangu, tukafunika unga na nguo za wateja. Kitanda tulikiinua kwa matofali. Makaa tuliyasukuma uvunguni, maana makaa yakilowa ni kama huna. Kisha nikapanda stuli kufunga mabati kwenye mbao za paa kwa waya wa tairi lililochomwa, ule unaookotwa bure kwa mafundi wa jua kali hapa Huruma.

Nikiwa bado juu ya stuli, mwenye ploti, mzee aliyetupangisha vyumba, akaingia uani na mafundi wawili na ngazi.

Aliishi mtaa wa Kimumu, upande mwingine wa mji, na miaka yote tuliyokaa pale tulimwona wakati wa kodi tu. Tulipolalamika kwamba paa linavuja, alituambia tuweke beseni. Siku hiyo alikuwa anatabasamu.

"Mama, nimesikia mvua inakuja. Nataka nitoe haya mabati yameoza, niwawekee mapya."

"Mapya yako wapi, Mzee?"

"Yako njiani, yanatoka Soy. Mchana yatakuwa hapa."

Nilimtazama, nikatazama mawingu. Nani anaezua nyumba mvua ikipiga hodi? Kila mpangaji mtaani anajua: mwenye nyumba akitaka kukutoa bila kelele, anang'oa mabati, unahama mwenyewe.

"Yangu usiguse," nikamwambia. "Lete mapya kwanza niyaone."

"Kwani huniamini?"

"Nakuamini, Mzee. Mabati ndiyo siyaoni."

Mama mkwe alinivuta leso. "Usimkasirishe," akaninong'oneza. "Atatufukuza."

"Na kama ndiyo anatufukuza sasa?"

Jirani yangu, muuza nyanya mwenye watoto wawili, alikubali kwa furaha. Paa lake lilikuwa bovu kuliko langu. Kufikia saa sita chumba chake kilikuwa mbao tupu, jua likimulika kitanda. Mabati yake ya zamani yalipakiwa kwenye mkokoteni, yakaondoka. Hilo pia sikulipenda. Kama yameoza, yanapelekwa wapi?

Lori halikuja. Alasiri ulikuja upepo wenye vumbi, halafu mvua ya mawe. Tulikimbia huku na huku tukiokoa godoro lake, sufuria, nguo za shule, tukajazana chumbani kwangu sote watano. Bati la kona likaanza kupigapiga. Mimi na jirani tulishika ule waya tukaning'inia mpaka viganja vikachubuka. Bati halikutoka.

"Amenichezea," jirani alisema akilia. Nilishuku, lakini sikuwa na hakika.

Mabati yalifika siku ya pili yake, mapya kweli, kwenye lori lililojaa matope. Dereva aliapa kwamba walikwama njiani. Nilimwuliza wapi, akataja mahali. Nikaenda upande wa pili kumwuliza mpakizi wake, akataja pengine. Labda mpakizi alikuwa amelala. Mzee hakuomba radhi.

Yangu nilikubali yabadilishwe bati moja moja: fundi anatoa la zamani, anapigilia jipya, ndipo anagusa lingine. Nilisimama chini ya ngazi kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Mzee akacheka, akasema ataniandika askari wake. Sikucheka.

Jirani hakurudi chumbani mwake. Alienda kwa dada yake, na kabla godoro lake halijakauka vizuri, mpangaji mwingine alikuwa ameingia chini ya mabati yale mapya, mwanamke mpole mwenye kabati la vioo. Nilimsaidia kubeba. Tulipozoeana kidogo nikamwuliza amepatana kodi ngapi.

Aliangalia mlangoni kwanza.

"Mzee amenikataza kusema," akajibu.

Nilimwambia mama mkwe. Akaniuliza kama kule Kimumu kuna vyumba vya bei yetu, kodi ya hapa ikipanda.