Mstari wa Nne wa Chai

Afadhali msikie kwangu kabla hamjasikia kwa Mama Weldon jirani yangu, kwa sababu yeye akisimulia anaongeza chumvi na mimi sitaki chumvi, aibu yangu inatosha ilivyo. Ni mimi nilisimama mbele ya wageni waliokuja kumposa mjukuu wangu, nikiwa na leso mpya na viatu vya kuazima, nikawafukuza kwa Kiingereza. Na Kiingereza sijui.

Mambo yalianza kwa ukungu. Huku kwetu Bomet ukungu wa asubuhi unalala juu ya chai mpaka mtu aliye mstari wa pili humwoni, unasikia tu majani yakivunjika, tk, tk, tk, na harufu ya jani bichi inakuja kama vile dunia imeoshwa jana usiku ikaanikwa hapo. Mjukuu wangu Cherono ni mwalimu wa shule ya msingi, lakini Jumamosi anachuna na mimi, na akichuna anajizoeza somo la Jumatatu kwa sauti, basi mimi niko huku nimelaza ufito wangu juu ya chai (ule mti mrefu wa kupimia, mkono usije ukachuna chini sana), na Kiingereza kinatoka kwa ukungu kama malaika aliyeenda shule.

“The fire was put out,” akasema. Moto ulizimwa.

“Na nani?” nikauliza.

“Haisemwi, kogo,” akasema, maana kwetu bibi ni kogo.

“Haisemwi namna gani? Moto hauzimwi na hewa.”

“Ndivyo watu huongea kila siku. Moto ulizimwa, mkutano ukafutwa, ombi likakataliwa, na hakuna mtu ametajwa. Halafu usisahau hako kaneno ka mwisho, *out*. Ukikaacha, sentensi inabaki na mguu mmoja.”

Nilichuna nikiwaza. Nikaona nchi ya hao watu, mambo yanafanyika yenyewe kama ndotoni, moto unazimwa, ng’ombe wanapelekwa, mlango unafungwa, na wenyewe wamekaa tu wanakunywa chai yetu.

“Na kama yule aliyefanya anataka ajulikane?”

“Anaweka *by me* mwisho, yaani na mimi.”

Hapo nikasimamisha mkono. Kwa sababu mamake Cherono, binti yangu, alifariki mtoto akiwa hajaota hata jino, nikamlea mimi, kikapu mgongoni na yeye kifuani, na kwa miaka yote watu wa familia wakisimama kuongea wanasema, “Huyu msichana alilelewa vizuri,” halafu wanakaa chini. Alilelewa na nani? Na mvua?

Nikamwambia Cherono anifundishe hiyo sentensi. “The girl was brought up by me.” Msichana alilelewa na mimi. Nikaiweka mstari wa tano wa chai, maana mistari minne ya kwanza nilikuwa nimeshaipa sentensi za Cherono, kila mmoja yake, nisizisahau. Wa kwanza ni wa moto. Wa pili, ng’ombe walipelekwa mbali. Wa tatu, wageni walirudishwa walikotoka. Wa nne, harusi imevunjwa. (Sikuzichagua mimi, ni mifano ya watoto wa darasa la saba.) Wiki nyingi nilichuna hivyo, mguu ukiingia mstari, sentensi inakuja yenyewe mdomoni, na ukungu unaibeba.

Sasa wageni wakapangwa. Kijana anaitwa Ouma, watu wao ni wa kule ziwani lakini wamekaa Kericho tangu babake aajiriwe karani kiwandani. Mama Weldon akapitia kwa ua, akaniangalia nikipiga mswaki kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, akasema, “Na wewe utamsemesha karani na nini? Si utakaa tu na kucheka kama mbuzi kwa baridi?”

Kiswahili karani anajua. Mimi pia ninajua. Tungeelewana bila shida. Lakini neno la mbuzi lilinikaa hapa, nikaamua nitasema ile sentensi yangu moja. Moja tu.

Siku ikafika, hema likasimamishwa karibu na chai, wageni wakala, wakasifu mursik (babake Ouma kwa kweli aliisifu akiwa amefunga macho, lakini alimaliza). Akasimama mwanangu mkubwa, anayekaa Mulot na ng’ombe zake, ndiye msemaji wa familia. Akaongea, akaongea, halafu akasema, “Msichana wetu alilelewa vizuri.” Akakaa chini.

Basi nikainuka.

Nikaangalia nyuso zile zote, na ile sentensi haikuwepo. Nikaitafuta kama mtu anatafuta sindano kwa majani. Nikafunga macho, na nilipofunga, chai ikaja, yote, kijani na maji juu yake, baridi ile kwa vidole, na nikajiona mwanzoni mwa shamba. Mtu hachuni akianzia katikati. Nikaingia mstari wa kwanza.

“The fire was put out,” nikasema, kwa ile sauti yangu ya kuita ng’ombe.

Mtu mmoja akapiga makofi. Nikaingia wa pili. Ng’ombe wakapelekwa mbali. Makofi yakakoma, lakini mimi sikuwa hapo tena, mimi nilikuwa kwa ukungu na utamu wa kuongea. “The visitors were sent away.” Nikageuka kwa kona ya shamba. “The wedding was called off.”

Nikasikia viti. Nikasikia yule baba, kwa mbali sana kama ng’ambo ya mto, “Imevunjwa? Imevunjwa na nani?” na watu wakapiga kelele pamoja, na mimi sasa nimefika mstari wa tano, mstari wangu, nikasema sentensi yangu kwa nguvu zote, lakini kwa kelele ile mwanzo wake ulizama, wakasikia mkia tu, na mkia niliupigia kifua:

“By me!”

Nikafungua macho. Wageni wote wamesimama. Nikadhani ni heshima, nikainama kidogo kushukuru. Kumbe Mama Ouma amechukua kiondo chake na anatafuta njia.

Cherono akaweka chini trei ya vikombe. “Kogo, umefanya nini?”

“Nimejitaja,” nikasema.

“Umenivunjia harusi!”

Sikungoja. Wageni walikuwa wameshika njia ya kuzunguka shamba kwenda barabarani, manyunyu yanaanza, na ukungu umerudi mchana huo kama umeitwa. Nikatupa viatu vya watu, nikapasua katikati ya chai, matawi yakinichapa kama mtoto mkaidi, nikatokea mbele yao nimelowa mpaka kiunoni.

“Yesu!” akapiga kelele Mama Ouma.

“Si Yesu. Ni mimi. Nirudishieni wageni wangu.”

“Si umetufukuza, mama? Tena mbele ya watu.”

“Sikufukuza mtu. Nilitaka kusema neno moja, kwamba huyu msichana nimemlea mimi. Mimi. Kwa huu mgongo. Njia ya kufika kwa hilo neno ndiyo ilikuwa na mashimo.”

Akanitazama, maji yananitiririka kwa kidevu. “Na si ungesema tu hivyo?” akasema polepole. “Sisi tulifikiri ni kwa sababu sisi ni watu wa ziwani.”

Hilo liliniuma kuliko matawi. Nikamwambia ziwa halina kosa, kosa ni mstari wa nne, nikamweleza yote hapo hapo kwa manyunyu, moto, ng’ombe, mbuzi wa Mama Weldon. Alianza kucheka kidogo, halafu akanishika bega asianguke. Baba Ouma ndiye alibeba kiondo tukirudi.

Chini ya hema karani huyo akasimama, akasema kwa Kiswahili, “Tumemwomba msichana kwa huyu mama aliyemlea.” Basi. Mwanangu wa Mulot akaangalia kofia yake.

Kwa hivyo mimi na Kiingereza tumeachana. Neno nililo nalo, nitalisema na mdomo nilio nao, macho wazi. Lakini asubuhi nikiingia shambani bado kinaningoja kwa ukungu, moto unazimwa, ng’ombe wanaenda, na mimi nauliza na nani, hakuna anayejibu. Mstari wa nne siuchuni tena. Cherono ndiye anauchuna. Anaolewa mwezi wa nane, na jani halingojei mtu, sijui akishaenda kwake nitauruka vipi.